Wakala wa Jengo la Hamriya

"Hajazaliwa wa kunipiga mimi," alisema Yaarub, akatema jino.

Lilitumbukia kwenye kikombe cha kahawa cha bibi yake. Bi Mahbuba akakisukuma pembeni.

"Na hilo limetoka kwa furaha?"

"Kaka Hatem, Bibi. Kanitandika mchi wa mdomo." Damu ilimchuruzika kidevuni mpaka kwenye kanzu.

"Hatem? Mchi kautoa wapi?"

"Jikoni kwa shangazi Ghaliya. Nimemkuta kamkunja shangazi mkono nyuma ya mgongo, anamlazimisha amwachie fungu lake la jengo la Hamriya. Shangazi anapiga kelele, anamng'ata, naye anazidi kuukunja. Nikamrukia. Tumegaragazana mpaka sufuria la mchuzi likanimwagikia mapajani. La moto, Bibi!"

Bi Mahbuba akampigia Hatem. Simu imezimwa.

"Umeona? Kajificha."

Bibi alishachoka kulisimamia jengo hilo la marehemu mumewe, mtaani Hamriya. Wiki ile alitaka kumkabidhi mjukuu mmoja uwakala wote, na mpaka asubuhi mjukuu huyo alikuwa Hatem.

Yaarub akajifuta damu kwa mkono wa kanzu. "Skuli tulisoma Wamarekani wa mwanzo. Walipomtimua mfalme, baadhi yao wakamwogopa mfalme wa pili: tajiri. Wakafuta ile sheria ya mtoto wa kwanza kurithi ardhi yote. Mali ikirundikana kwa mtu mmoja, walisema, na amri itamfuata huko huko."

"Na watumwa wao waliwagawia nini?"

"Hilo halikutoka kwenye mtihani."

Bibi nusura acheke. Halafu akalitazama tena lile pengo, likivuja.

"Haya, unataka nifanyeje?"

"Nipe mimi uwakala. Jengo zima. Nimlinde shangazi."

Bi Mahbuba akashusha pumzi, akampigia wakili. "Hatem mfute," alisema. "Andika Yaarub bin..."

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Namirembe, mfanyakazi wa shangazi Ghaliya, katoka nyumba ya pili mbio, nguo zimemtapakaa mchuzi.

"Samahani, Mama. Madam Ghaliya anauliza: huyu Yaarub aliyemvunja mkono ndiye atampeleka hospitali, ama tumngoje Hatem ashuke kwa ndege inayotoka Salalah?"