Sahihi ya Mwalimu Mkuu

Mwalimu Mkuu Kisaka alikataa katakata kutia sahihi. Kwenye karatasi ya majaribio ya kalenda ya shule, uso wake ulikuwa mwekundu kama tofali.

"Huyu si mimi, Bi Rukia. Ongeza, punguza, fanya utakalo!"

Bi Rukia, mchapaji, alikwisha kuongeza na kupunguza mara sita. Bila sahihi mashine haiwashwi, na kesho asubuhi wazazi mia nne wangekuja kuchukua kalenda zao.

"Rangi hulinganishwa na kitu chenyewe, Mwalimu, tena juani," alisema kwa upole wa mtu aliyekuja kuhani. "Karibu nje."

Huko nje alimbandikia karatasi shavuni. Fundi viatu wa jirani akaacha sindano yake, akaja kukagua.

"Mapacha hawa," akahukumu. "Baba mmoja, mama mmoja."

Mwalimu Mkuu aliinua kidole kama anayetuliza darasa.

"Jua la leo limezidi," akatamka. "Twende kivulini."

Walijaribu kivuli cha ukuta, kisha cha bucha. Bi Rukia alimfuata na kalamu mkononi, naye akazidi kurudi nyuma hatua kwa hatua, picha shavuni, akimuuliza kila mpita njia, "Na hapa, je?"