Rangi ya Mkono wa Ottorino

Fundi aliuliza tena, maana mara ya kwanza alidhani hakusikia vizuri.

"Mama, rangi hii ikishatoka, ndiyo imetoka. Hairudi. Una hakika?"

"Kwangua yote," Nives alisema. "Paka nyeusi mpya, ing'ae. Na hayo makwaruzo ya pembeni yasugue mpaka yaishe."

Fundi akanyanyua mabega, akaichukua saa. Alikuwa mgeni mjini Bologna, Italia. Nives alimtafuta makusudi, kwa sababu fundi mwenyeji angepiga kelele mpaka polisi waje.

Ilikuwa saa ya marehemu mumewe, Ottorino. Ilitoka kiwandani ikiwa na uso mweusi. Ottorino akaivaa miaka arobaini akiendesha lori la matikiti, mkono wa kushoto nje ya dirisha, na jua likaupika ule uso taratibu mpaka ukawa kahawia. Mtu mwenye akili zake angesema saa imechakaa. Wakusanyaji wa saa za zamani ndiyo kwanza hudondokwa na mate. Kwao saa iliyochakaa vizuri ni lulu, na saa iliyopakwa rangi upya hawaigusi hata kwa kijiti.

Nives naye aliipenda ile kahawia, tena kuliko wao wote. Kila akiitazama aliuona mkono wa mumewe. Tangu amzike alishinda nayo mfukoni mwa aproni.

Lakini chama cha wakusanyaji, ambacho Ottorino alikuwa mwanachama wake, kilikuwa na desturi yake. Mwanachama akifa, baada ya misa ya siku ya thelathini wenzake huja nyumbani kwake, na kila mmoja huchagua saa moja, ile anayoipenda kuliko zote. Aliyokuwa akiivaa marehemu lazima ichukuliwe na mmoja wao, isipokuwa wote wakiikataa. Mjane anapika, anatoa kahawa, ananyamaza. Ottorino mwenyewe alishachagua kwa wajane watatu. Kutoka kwa Bi Ersilia, mmoja wa wajane hao, alirudi akipiga mluzi ngazi nzima, na Nives akacheka naye. Leo aseme kwake wasichague? Atawaangalia vipi watu usoni?

Halafu Learco, mfamasia mstaafu na mkubwa wa chama, akapiga simu.

"Shemeji, tunakuja Jumapili. Na ile ya kahawia isikusumbue, tumeshakubaliana. Hatutagombana mezani pako."

Tumeshakubaliana! Nives alikata simu kwa hasira. Kaburi halijakauka, wenzake wameshagawana! Kesho yake asubuhi alikuwa kwa fundi. Wakiiona imepakwa wataikimbia wenyewe. Roho ilimuuma, lakini heri abaki nayo nyeusi kuliko abaki mikono mitupu.

Jumapili wakafika watatu: Learco, Amedeo muuza viatu, na Ivano, ambaye hawezi kumsalimia mtu bila kumkagua mkono kwanza. Walikula tortelini za supu, zile tambi zilizojazwa nyama, wakasifu, wakaongeza. Walipomaliza, Nives akaleta sinia lenye saa kumi na moja, na kando yake kijisanduku kilichofungwa. Saa ya mkononi mwa marehemu huwa ya mwisho.

Wakazigeuzageuza kwa lensi, wakazisikiliza, wakazinusa. Nives alimimina kahawa huku akiwapiga jicho mmoja mmoja. Ni nani kati yao?

Ivano akachagua ya dhahabu.

"Hiyo?" Amedeo alisema. "Na huo mkono kama kijiti cha kuchokolea meno? Watu watadhani umeiba."

"Afadhali mimi. Wewe unang'ang'ania ya wapiga mbizi, na kuoga kwenyewe mpaka mkeo akusukume."

"Maji ya moto naoga."

"Mashahidi wako wapi?"

Amedeo akajifunga ya wapiga mbizi, akanyoosha mkono aitazame kwa mbali, kisha akatoa leso akapenga kamasi kwa nguvu. "Alikuwa akinitambia na hii, mshenzi yule," alisema. "Nimemkumbuka sana."

Kwa hiyo si Ivano, na si Amedeo. Nives akaweka birika chini. Ni Learco, mzee wa watu, aliyebeba jeneza bega la mbele. Hakuligusa sinia hata kwa kidole.

"Mimi nachukua hii," Learco alisema, akavuta kijisanduku.

Fungua, Nives alisema moyoni. Fungua uone. Alijua kitakachofuata: mzee atapauka, atakirudisha mezani kama amekuta panya ndani, atachagua nyingine yoyote kwa adabu. Tayari alikuwa amejiandaa kusema, kwa sauti ya mjane asiyejua kitu, kwamba aliona imechakaa akaipeleka ikatengenezwe.

Learco hakukifungua. Alisimama, akazunguka meza polepole kwa yale magoti yake mabovu, akamshika Nives mikono yote miwili na kukiweka kijisanduku ndani yake.

"Zamu yangu ndiyo hii, na ninakupa wewe," alisema. "Ndivyo tulivyokubaliana. Alituomba hospitalini, shemeji. Alisema ile kahawia ni miaka yenu arobaini, usinyang'anywe."

Amedeo alipenga tena. Ivano akasogeza kiti karibu, lensi tayari jichoni.

"Fungua basi, shemeji," alisema. "Tuiage ile rangi."