Roboti Aliyepepesa Macho

Kila Idi Bi Mwanakombo alitazama kipindi kile kile cha zamani, ambamo marehemu mumewe, Sefu, aliigiza roboti, na kila mara alikiponda bila huruma. Vyombo vya angani vilikuwa masufuria yaliyopakwa rangi. Mwezi ulikuwa shuka, tena lenye mikunjo.

"Na huyu naye," alisema safari hii, akiinyooshea kidole runinga mpya aliyonunuliwa na bintiye, "roboti gani anapepesa macho? Tena anataka kucheka."

Bintiye, Raiye, alishtuka. "Mama, nyamaza. Runinga za sasa zinasikia. Ukilalamika, zinarekebisha."

Alichelewa. Picha ilitetemeka, kipindi kikaanza upya. Vyombo viling'aa kama vya kweli. Mwezi ukanyooka. Roboti alisimama wima, macho makavu, usoni hana lolote.

"Kirudishe kilivyokuwa."

"Hakirudi, Mama. Kikisharekebishwa, ndicho hicho dunia nzima."

Bi Mwanakombo aliisogelea runinga. Siku ya kurekodi yeye ndiye aliyeshika taa nyuma ya kamera, na ndiye aliyemkonyeza yule kijana ndani ya vazi la bati mpaka akashindwa kujizuia. Walikuwa hawajajuana hata majina. Miaka yote hii alikuwa akimsimanga kwa kicheko kile, na Sefu mwenyewe, enzi za uhai wake, alipenda kusimangwa hivyo.

Runinga ikauliza kwa upole, "Sasa umeridhika?"

Roboti alimtazama bila kupepesa.

"Nimeridhika," alijibu haraka, isije ikamgusa Sefu tena.