Toleo la Pili

Mwanakombo aliweka matoleo mawili ya riwaya moja ya picha tupu juu ya meza ya Shekuwe, muuza vitabu vikuukuu. Toleo la pili aliachiwa na baba yake asubuhi aliyoondoka asirudi tena. Ndani yake mwanamume anatoka mbali, anafika mlangoni, anambeba binti yake. La kwanza amelipata leo, baada ya kulisaka miaka tisa. Humo mwanamume anamtua binti, anatoka mlangoni, anatokomea.

"Picha ni zile zile," alisema.

"Hilo la pili lilijalidiwa na fundi wa misahafu, dada," Shekuwe alicheka. "Akapanga kurasa kuanzia kulia, kama alivyozoea kwa Kiarabu. Kitabu hakina neno hata moja, nani angemkosoa?"

"Baba alijua?"

"Hilo kamwulize mwenyewe."

"Ningejua aliko, ningekuuliza wewe?"

Miaka yote alimngoja kwa sababu ya kitabu hiki. Sasa hakujua kama aliachiwa ahadi au kwaheri.

Alifungua picha ya katikati, ile ile katika vitabu vyote viwili. Mwanamume alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mwingine nje, na binti ameshika pindo la shati lake.