Raba Nyeusi

Katika duka la tatu, Bi Mwanakombo alikuwa ameshachoka. Mwalimu wake wa mazoezi ya jimu alikuwa amemwambia atafute viatu vya soli bapa na ngumu, visivyoyumba akinyanyua vyuma. Kila muuzaji alimletea vya kukimbilia, laini kama sponji, ghali kupindukia.

"Mama, kwa umri wako chukua ndala za kutembelea," muuzaji wa hapo alimwambia.

"Sikuja kutafuta za kutembelea."

Akachomoa kutoka rafu ya chini raba nyeusi za kitambaa, za bei nafuu kuliko zote, akazivaa. Mbele ya wateja akachuchumaa taratibu, kwa magoti yale yale yaliyomwangusha bafuni mwezi uliopita. Visigino vikatulia.

Muuzaji akamnyooshea mkono amwinue. Bi Mwanakombo aliutazama, hakuushika; akabaki amechuchumaa, akipumua taratibu.