Kijani Kimehamia Kulia

Simu iliita, na kidole cha Saumu kikakimbilia kushoto, palipokuwa na kitufe cha kijani cha kupokelea kwenye simu yake ya zamani. Kwenye hii mpya, kushoto ni kukata. Akamkatia tena Kidawa, bintiye ambaye hawajasemezana naye tangu aolewe bila ridhaa ya mama.

"Kulia, shoga! Kulia!" majirani waliojaa sebuleni wakapiga kelele.

Ujumbe ukaingia: *Mama, bado una hasira nami? Basi, sikusumbui tena.*

"Si umpigie wewe?" jirani mmoja akamwambia Saumu.

"Kwa dude hili? Nimechoka nalo, jamani."

Akavua hereni, akaichokoa laini kwa ncha yake, akaipachika kwenye simu ya zamani, akabonyeza kuwasha. Sebule nzima ikakodolea kioo cheusi.

"Ina chaji kweli?" mmoja akanong'ona.