Chiriku Aliyesifia Maji ya Mamba

Enzi zile mto ulipokuwa bado na vicheko, wanyama walikuwa hawanywi maji mpaka Chiriku amkejeli Mamba. Alipoimba, "Gogo lile lina meno!" walijua adui alipo, wakacheka, wakaenda kunywa mbali naye. Ngiri, rafiki yake Chiriku, alikuwa akicheka kabla hata mzaha haujaisha.

Siku moja Mamba akamwita Chiriku. "Nyoka wanakumalizia mayai, ndugu yangu. Jenga kwenye tawi hili juu yangu, hakuna nyoka atakayethubutu. Wala sikuombi uongo. Waambie tu maji ya hapa kwangu ni matamu."

Chiriku akayaonja. Kweli, yalikuwa matamu. Basi akajenga kiota kwenye tawi lile, akayasifia maji kwa vichekesho vyake vilevile. Wanyama wakaja, wakanywa, wakarudi makwao salama.

"Umeona?" Mamba akasema. "Kuna ubaya gani?"

Kiangazi kikaingia, samaki wakaadimika. Asubuhi moja Chiriku akamwona Mamba akizama taratibu, pale pale Ngiri alipozoea kupiga magoti anywe. Ngiri alipofika ukingoni, Chiriku akapaza sauti: "Rudi, Ngiri! Mamba yuko chini yako!"

Ngiri akaangua kicheko kabla hata hajamaliza kumsikia. "Leo unatangaza kisima cha nani, kaka?"

Akapiga magoti.

Maji yakatibuka, kisha yakatulia.

Mpaka leo mayai ya Chiriku yako salama, naye bado huimba mizaha yake kwenye tawi lile. Anayecheka ni Mamba peke yake.